Sisi tuliomaliza shule tucheze wapi?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya michezo ya wanawake niliisoma ndani ya basi la kazini hapa Maskati, na usiku nikairudia. Mwandishi wenu anasema mpira wa pete umedumaa kwetu kwa kukosa wadhamini. Sibishi kwamba fedha inasaidia. Ila nina niliyoyaona kwa macho yangu, na naomba nafasi niyaseme.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Shuleni nilicheza senta, nikafika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, na siku niliyomaliza kidato cha nne ndiyo siku niliyoacha kushika mpira. Hakuna aliyenikataza, ila sikuwa na pa kwenda. Kaka zangu walimaliza shule wakaendelea na soka lao jioni, kiwanja kile kile, na yule mkubwa leo ana miaka arobaini na mitano na bado ana timu ya maveterani, ana jezi, ana mwenyekiti wa kumdai ada. Wasichana saba tuliocheza pamoja tulitawanyika kama tuliomaliza hitima.

Miaka kumi na sita ikapita. Nikiwa muuguzi wa meno huku Oman, siku moja boksi la glavu lilichomoka juu ya kabati nikalidaka kabla halijamfikia mgonjwa. Muuguzi mwenzangu, mwanamke wa Ayalandi, akaniuliza nilicheza nini shuleni. Jumatatu jioni akanipitia kwa gari, akanipeleka kwenye klabu yao.

Mchezo wao ni wa Kiayalandi, wenyewe wanauita futiboli ya Kigaeli. Mpira wake ni wa duara, ukubwa kama wa voliboli lakini mzito zaidi. Unaudaka, unakimbia nao, ila usipite hatua nne bila kuudunda chini au kuudondosha kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mikononi. Kuudunda mara mbili mfululizo ni kosa. Pasi ya mkono hairushwi, hupigwa. Goli lina umbo la herufi H: ukipitisha mpira chini ya mwamba ni pointi tatu, ukipitisha juu ya mwamba kati ya nguzo kwa kawaida ni pointi moja. Kwao kila timu ina wachezaji 15. Sisi huku hatufiki, kwa hiyo tunacheza saba au tisa, kadiri watu walivyotoka kazini.

Jioni ile ya kwanza mpira ulinijia juu, nikaruka nikaudaka vizuri kabisa. Halafu nikasimama. Atakayenielewa ni aliyecheza mpira wa pete: ukishadaka, mguu umefungwa, unatafuta wa kumpa kabla sekunde tatu hazijakwisha. Mwili wangu ulikuwa haujasahau. Wote wanapiga kelele kwa Kiingereza chao cha haraka, mimi nimeganda, mpira kifuani. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti: "Kimbia weye! Umeganda nini?" Niligeuka. Ni dada Mwomani, bibi yake alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na Kiswahili chake ni cha nyumbani kuliko changu. Nikakimbia. Hatua nne, nikaudunda, hatua nne tena, nikaupoteza. Nilirudi nyumbani magoti yanauma, na usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Kile cha kudondosha mpira kwenye kiatu kilinichukua miezi mitatu. Nilijifunzia kwenye maegesho ya magari chini ya nyumba tunayopanga Al Khuwair, baada ya Isha, kwa sababu kiangazi huku jua likizama joto halizami nalo. Siri yake ni kuvuta vidole vya mguu juu, kukielekea kifua, ili mpira urudi wenyewe. Ukinyoosha mguu, unakwenda zake chini ya gari la jirani. Mwanangu wa miaka sita ndiye aliyekuwa akiuchomoa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Katika klabu hii hakuna anayelipwa. Mwenyekiti ni mwalimu wa shule ya msingi. Mweka hazina ni mhandisi wa maji, na kila mwezi anatuonyesha daftari. Ada tunalipa wote, aliyeshindwa mwezi huu anasubiriwa. Vizibao vya mazoezi hufuliwa kwa zamu, na zamu yangu ikifika navianika barazani kwangu kama nguo za mtoto. Wanaume na wanawake tumo klabu moja, uwanja mmoja tunagawana saa. Waume wanakaa pembeni na watoto wakati wake zao wako ndani, kisha wanabadilishana. Na aliyechoka magoti hafukuzwi. Anavaa koti jeupe anasimama nyuma ya goli na bendera mbili, nyeupe kwa pointi, kijani kwa goli. Nilipovunjika kidole cha pete mwaka jana nilishika bendera hizo wiki sita, na sikukosa Jumatatu hata moja.

Nilidhani wanafanya hivyo kwa kuwa wako ugenini. Wakaniambia hapana, na kwao ni hivyo hivyo. Chama chao cha michezo ya Kigaeli kilianzishwa Novemba 1, 1884, hotelini katika mji wa Thurles, Ayalandi, na mpaka leo mchezaji hapewi mshahara. Anayecheza fainali ya taifa Jumapili mbele ya watu elfu themanini pale uwanja wa Croke Park, wiki hiyo hiyo anarudi darasani au shambani kwake. Wanawake hawakuwa na chama chao cha mpira huu hadi 1974, miaka tisini baadaye, tena walikianzisha katika mji huo huo, wakiwa wajumbe wa kaunti nne tu. Fainali yao ya 2019, timu ya Dublin na ya Galway, iliangaliwa na watu 56,114 uwanjani. Mwenzangu wa kazini alikuwemo. Ananisimulia namna mama yake, ambaye ujanani hakuruhusiwa hata kuugusa mpira, alivyosimama tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho na mvua inanyesha.

Mwaka huu nilikwenda likizo Tanga, mpira nimeuweka ndani ya begi. Nilimkuta aliyekuwa mfungaji wetu kwenye biashara yake ya samaki pale Deep Sea, ana kisu mkono wa kulia na samaki aina ya changu mezani. Sikumsalimu, nilimrushia mpira. Aliinua mkono wa kushoto akaudaka hewani, magamba yamejaa mpaka kwenye kiwiko, kisu hakikutikisika. Tukatazamana. Akasema, "Shoga, sijashika kitu kama hiki tangu shule." Wakati huo alikuwa anameza dawa za presha mwaka wa tatu.

Tulitafutana tukapatana watano kati ya saba. Nikaenda kuomba kiwanja, saa moja tu kwa wiki, Jumamosi. Aliyekuwa na mamlaka ya kiwanja alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kiwanja ni cha vijana, na akaniuliza, "Mama, kwa umri huu unatafuta nini tena?" Sikumjibu vizuri siku ile, maneno yalinikwama kooni. Namjibu leo kupitia gazeti lenu: natafuta kile anachopata kaka yangu kila Jumamosi saa kumi, kwenye kiwanja hicho hicho.

Siwaombi watu wa Tanga waache mpira wa pete wacheze wa Kiayalandi. Mpira wa pete tunaujua, tumelelewa nao, na mlingoti na pete yake fundi wa kuchomelea anatengeneza kwa siku moja. Ninachoomba, ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu akirudi kwenye habari hii asiishie kwa wadhamini na timu ya taifa. Aende mitaani awaulize wanawake wa miaka thelathini na arobaini waliwahi kucheza nafasi gani, na lini waliacha. Na awaulize wenye viwanja ratiba yao ya wiki ina saa ngapi za wanawake. Jibu alichapishe kama lilivyo.

Desemba narudi likizo. Mfungaji wetu amenitumia ujumbe kwamba sasa wamefika tisa, mmoja ni binti yake wa miaka kumi na minane. Fundi amekwisha kulipwa milingoti miwili, iko nyuma ya nyumba ya mama yangu, imeegeshwa ukutani. Bado hatujapata mahali pa kuisimika.

Binti wa Ngamiani,
Maskati, Oman