Chai ya msibani, tuachieni chupa moja isiyo na sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalonikereketa muda mrefu. Mimi ni mgonjwa wa sukari, huu mwaka wa nane, niko hapa Tanga, natumia vidonge na kliniki siachi. Chakula nishakizoea, ugali najua nikate kiasi gani, wali nakula kidogo mboga nyingi. Kinachonishinda ni kinywaji, na hakinishindi nyumbani, kinanishinda kwa watu.

Mwezi uliopita tulikua na msiba kwa jirani. Asubuhi binti kapita na chupa ya chai, nikamuuliza, "Mwanangu, ipo isiyotiwa sukari?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Baba, imetiwa yote hukohuko jikoni, nikuletee soda?" Binti wa watu hana kosa, hakutaka nikae mdomo mkavu. Nikapokea ile chai manake kwetu kurudisha kikombe cha msibani unaonekana una neno na wafiwa, nikanywa viwili na andazi moja, saa mbili baadae nimefika nyumbani nikapima sukari ya damu, 16.4 kwa kipimo cha mmol/L. Mimi kawaida yangu baada ya kula ni 8 au 9. Siku nzima kichwa kizito, kiu haiishi, usiku kucha chooni.

Najua kwa nini inatiwa jikoni. Watu mia mbili ukiwawekea bakuli la sukari kila mmoja ajipakulie itaisha kabla ya saa nne, na pesa ni ya michango. Sasa mimi sisemi chai yote iwe bila sukari, nasema chupa moja tu, ifungwe kitambaa kwenye mshikio ijulikane, basi.

Na hiyo soda tunayopewa badala ya chai watu hawaijui ilivo. Chukua chupa ya mililita 350, nyingi zina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, piga hesabu ni gramu 35, yaani vijiko vya chai karibu tisa. Nani anatia vijiko tisa kwenye kikombe kimoja? Shirika la Afya Duniani linasema hata mtu mzima asiye na ugonjwa sukari hii ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ndo bora zaidi. Soma pale nyuma ya chupa, maandishi madogo lakini yapo.

Alafu kuna hii ya "kunywa juisi, ni ya asili haina neno". Jamani ina neno. Glasi ya juisi ya machungwa inakula machungwa matatu mpaka manne, na ukishakamua nyuzinyuzi umezitupa, inabaki sukari inayokimbilia kwenye damu. Bora ukae ulimenye chungwa lako moja ulile. Ya miwa ndo usiseme, ule ni mua wenyewe umeyeyuka, na ukwaju na rozela kabla hazijatiwa sukari hazina shida lakini nani anaziuza hivo? Asali nayo ni sukari. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, glasi moja siku moja moja sawa, ila mwenye matatizo ya figo amuulize daktari kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi.

Ukiniuliza mimi nakunywa nini, maji kwanza, chai ya rangi ya tangawizi au mchaichai, na jioni kahawa. Wazee wetu wa pwani walishatumalizia hili, kahawa chungu inatoka kwenye dele la moto, kikombe kidogo, haina hata chembe ya sukari, mimi naiacha kashata tu.

Lakini kuna siku soda ni dawa na hili naomba lisomwe na kila nyumba. Mdogo wangu anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari, siku moja alichoma akachelewa kula, akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Mtoto kaleta soda mama mtu mzima akampokonya, "mnataka kumuua, huyu ana sukari!" Kupima ilikua 3.1. Ikiwa chini ya 4 hivo mtu anapewa nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile ya zero isiyo na sukari, anasubiri dakika 15 anapimwa tena, ikiwa bado chini anaongezwa, ikipanda anapewa chakula. Na kama kapoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Kwenye ule msiba wetu arobaini ni Jumamosi hii. Juzi nilijikaza nikaenda kwa mama anayesimamia jikoni, nikamueleza habari ya chupa moja yenye kitambaa, nikijua ataniona nasumbua. Akaniangalia, akasema, "Ungesema siku zote mwanangu, na mie ninayo hiyo hiyo, huwa nakunywa maji ya moto matupu." Chupa zitakua mbili.

Msomaji wenu,
Tanga