Salamu za Idd: mwaka huu tutaitazama Risala bila Baba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nzima nawatakia Idd njema. Minal aidin wal faizin. Allah atutakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu, atufikishe na mwakani tukiwa wazima.

Ramadhani hii ilikuwa nzito. Sukari, unga na mafuta vilipanda hadi futari ya wengi ikawa uji mtupu. Kwetu palipungua na mtu: Baba alitutoka mwezi wa Rajabu. Mkeka wake bado tunauzunguka, hatuukanyagi.

Tuliokua pamoja pale Tanga mnaikumbuka sebule ile siku ya Idd, pilau imeshaliwa, mkanda wa Risala umeingizwa kwenye deki. Filamu ya Moustapha Akkad juu ya Mtume na mwanzo wa Uislamu, ya mwaka 1976, Anthony Quinn akiwa Hamza, ami yake Mtume. Sisi watoto tulikuwa tukingoja vita vya Badri tu. Baba alikuwa na mahali pake: Habasha, Ethiopia ya kale. Jaafar, msemaji wa Waislamu waliokimbilia huko, amesimama mbele ya mfalme Najashi anamsomea habari za Maryamu, na yule mfalme wa Kikristo anachora mstari chini kwa fimbo: tofauti yetu haizidi huu. Hapo Baba alikuwa akirudisha mkanda nyuma, mara mbili, mara tatu, sisi tunaguna.

Nimeitazama tena mwezi huu, peke yangu, baada ya tarawehe. Vita havikunikaa. Kilichonikaa ni nyuso za wale wakimbizi: wamekimbia Makka, Amr, mjumbe wa wakubwa wa Makka, amewafuata awarudishe kwa minyororo, wanangoja mfalme aseme neno. Ndipo nikamkumbuka Baba, yatima aliyefika mjini bila mtu, akalelewa na familia ya Kikristo. Mama wa nyumba ile ndiye aliyekuwa akimwamsha ale daku. Alitusimulia mara moja tu, na mimi nilikuwa mdogo, nikapitiwa. Nililia usiku ule kuliko siku ya mazishi.

Basi ndugu zangu, biriani isinukie kwako na jirani yako anachemsha maji. Peleka sahani, wala usiulize anasali wapi. Unayemdai mpe muda, mwaka umemwelemea. Uliyenuniana naye mtangulie kwa salamu leo, kabla jua halijazama. Na anayebisha hodi hana kwao, mfungulie; hujui ni baba wa nani huyo.

Watoto waje wachukue mkono wa Idd, kidogo kilichopo kipo. Baada ya alasiri mlango uko wazi kama zamani. Mkanda uliliwa na ukungu siku nyingi, ila mwanangu ameipata Risala kwenye simu na ataiunganisha na televisheni. Tukifika Habasha, mnivumilie, nitairudisha nyuma.

Idd Mubarak.