Risala ya Walimu na Wazazi wa Kitengo cha Elimu Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vyeti vya Hatua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na tunakuomba radhi kwa kukupokea bila ngoma wala vigelegele. Sauti ya ghafla huwaumiza masikio baadhi ya watoto walioketi mbele yako. Ndiyo maana umeona wazazi wakipunga mikono juu. Hayo ndiyo makofi yetu ya leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Aprili 2 ni Siku ya Usonji Duniani. Usonji, kwa Kiingereza "autism", ni hali inayomfanya mtoto awasiliane na kuhisi mambo kwa namna tofauti na wengine. Ilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2007, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008. Sisi tumeifanya siku ya kutoa vyeti. Vyeti vyenyewe havina wastani wala nafasi darasani. Kila kimoja kina sentensi moja. "Ameomba maji kwa kadi bila kudokezwa." "Amesubiri zamu ya bembea dakika moja." "Amesema sitaki." Atakayesoma juu juu ataona tumempa mtoto cheti kwa kunywa maji, kwa hiyo tunaomba tueleze.

Tuanze na hayo maji. Mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kuzungumza mara nyingi humshika mtu mzima mkono na kumvuta hadi kwenye ndoo. Mkono wako kwake unafanya kazi ya kata: anautumia kuchota, wala hana habari na mwenye mkono. Kumfundisha kuomba ni kumfundisha kwamba maji yanapita kwa mtu. Tunatumia kadi ya picha, sentimita 5 kwa 5, iliyokatwa kwenye boksi la katoni na kufunikwa selotepu pana pande zote mbili, maana kadi isiyofunikwa hutafunwa siku ya kwanza.

Zoezi linahitaji watu wazima wawili. Wa mbele anashika kitu anachokipenda mtoto, kadi ikiwa mezani kati yao. Wa nyuma ananyamaza kimya. Mtoto akinyoosha mkono kukifuata kile kitu, yeye anauongoza mkono hadi kwenye kadi, kisha hadi kiganjani mwa wa mbele. Wa mbele akipokea kadi anasema "Biskuti!" na kuitoa papo hapo. Biskuti moja tunaikata vipande 8, kwa sababu atakayepewa nzima ameshiba ombi moja, na wa vipande ameomba mara nane. Siku zinavyokwenda, wa nyuma anaanza kuachia mapema: kwanza kwenye kiganja, halafu kwenye kiwiko, mwisho anakaa tu.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mtu wa mbele kuuliza "Unataka nini?" kabla ya kila kadi. Mtoto hujifunza kwamba kuomba huanza na swali, na asipoulizwa hukaa na kiu yake. Ya pili ni kadi kufungiwa kabatini ili zisipotee. Kadi iliyo kabatini ni mdomo ulioshonwa. Zetu zinaning'inia ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, na zikipotea tunakata nyingine.

Kwa wanaozungumza, kazi ni nyingine, na hapa Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Kila asubuhi mtoto huulizwa "Unataka uji?", kisha uji huja. Kwake yeye maneno hayo yote ndiyo jina la kuletewa uji. Siku akiwa na njaa atakufuata na kukwambia, "Unataka uji?" Watu hucheka, au humjibu "Mimi nimeshakunywa." Mtoto ameomba, amejibiwa hapana. "Nataka" na "unataka" zimetenganishwa na sauti moja tu, na sauti hiyo hubadilika kulingana na nani anasema. Dawa yake ni kusimama ubavuni kwake, siyo mbele yake, na kusema kwa sauti yake yeye: "Nataka uji." Halafu unanyamaza, unahesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi wetu huishia 3.

Salamu nayo ni hivyo hivyo. Ukisema "Sema shikamoo," utarudishiwa "Sema shikamoo," nzima nzima. Akiamkiwa na mdogo wake "Shikamoo," atarudisha "Shikamoo." Kurudia huko si ukaidi, ni njia yake ya kuyashika maneno kabla hayajawa yake. Tumeliondoa neno "sema" kitengoni. Mtu wa pili, akiwa nyuma, ananong'ona "Shikamoo" tu, na mkubwa aliye mbele anaitikia "Marahaba" bila kuongeza kitu. Wala hatumlazimishi kuangalia machoni. Mtoto aliyegeuza kiwiliwili kukuelekea amekusalimu. Ukimkamata kidevu na kusema "niangalie," unampa kazi mbili kwa wakati mmoja, na ile ya maneno ndiyo itakayodondoka.

Cheti kinacholeta ubishi kila mara kwenye vikao vya wazazi ni cha "sitaki." Baadhi huona tunapongeza utovu wa adabu. Kwa maoni yetu hakuna cheti kikubwa kuliko hicho. Mtoto asiyeweza kukataa kwa neno au kwa kadi hukataa kwa kurusha sahani, kujing'ata mkono au kukimbia nje ya geti. Ili "sitaki" ifanye kazi lazima iheshimiwe inaposemwa. Kwa hiyo tunaifundishia kwenye mambo yanayokatalika, uji na bembea, wala hatuifundishii kwenye dawa au kuvuka barabara.

Kipo kingine kidogo ambacho mpita njia hatakiona. Mtoto ananyoosha kidole kwenye ndege angani, anakutazama, anarudi kutazama ndege. Haombi chochote. Anataka nawe uione. Hapo usimfanyie mtihani wa "Ile ni nini?" Tazama juu, sema "Ndege!"

Kabla ya sentensi kuandikwa kwenye cheti, lazima tendo lifanyike bila msaada, kwa watu watatu tofauti, shuleni na nyumbani, ndani ya wiki mbili. Daftari lina alama tatu: M kwa aliyeshikwa mkono, D kwa aliyedokezwa, P kwa aliyefanya peke yake. Sharti la nyumbani ndilo linalochelewesha wengi. Mtoto anayeomba maji shuleni kwa kikombe cha bluu anaweza asiombe nyumbani kwa sababu kikombe cha huko ni chekundu. Mzazi akileta kikombe cha nyumbani kikakaa kitengoni siku chache, mara nyingi mambo hufunguka. Likizo ndefu nayo hurudisha P kuwa D. Hilo tunaliandika bila kumkaripia mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Mashine moja ya kulaminisha, yaani kufunika kadi kwa plastiki, na pakiti 5 za karatasi zake za A4, kwa kuwa selotepu huachia wakati wa masika. Mwalimu msaidizi mmoja, kwa sababu umeshaona zoezi la kadi haliwezekani kwa mtu mmoja. Na kengele ya shule, ambayo ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo mita chache kutoka dirisha letu, ihamishiwe upande wa uwanja. Hili la mwisho halina gharama.

Sasa utagawa vyeti. Tunaomba usivikabidhi mkononi: viweke mezani, mtoto atachukua mwenyewe. Mwingine atachukua cheti na kukuachia kadi. Ipokee. Na akikwambia "Marahaba" kabla hujasema lolote, amekuamkia.

Tunaomba kuwasilisha.