Kwa Nini Hatukati Vidonge vya Parkinson Vinavyoachia Dawa Polepole
Lawama inayojirudia kwenye kaunta ya duka letu la dawa ni kwamba tunauza vidonge vya pramipeksoli na ropiniroli, dawa za Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), vya kumeza mara moja kwa siku kwa bei ya juu, kisha tunakataa kuvikata ili kimoja kitoshe siku mbili. Bei hiyo inatokana na namna kidonge kilivyotengenezwa, na ukikikata unakiharibu.

Dawa hizi hazigeuki kuwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, kama ifanyavyo levodopa, dawa nyingine ya Parkinson, bali zenyewe hushika vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na kuviamsha. Kidonge cha mara moja kwa siku huachia dawa kidogo kidogo kwa muda wa saa 24, ili vipokezi hivyo visiamshwe kupita kiasi asubuhi na kuachwa vitupu jioni. Kikikatwa au kusagwa, dawa nyingi huweza kuingia mwilini kwa pamoja, mgonjwa akapata kichefuchefu na shinikizo lake la damu likashuka anaposimama. Kijana mmoja aliyekuwa akimkatia mama yake vidonge alitumia fedha nyingi zaidi kumtibu baada ya kuanguka kuliko alizookoa kwetu.

Wengine huruka siku kadhaa ili pakiti idumu, halafu hurudia dozi yao ya zamani. Ropiniroli ya kawaida huanzwa kwa miligramu 0.25 mara tatu kwa siku na kupandishwa wiki hadi wiki, kwa hiyo aliyekatiza huenda akalazimika kuanza tena chini, kwa maelekezo ya daktari. Kuiacha ghafla ni hatari zaidi, kwa kuwa kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa.

Mteja aliyeamini tumempunja kwa sababu pakiti mpya ya pramipeksoli ilisomeka miligramu 0.18 badala ya 0.25 alikuwa na dozi ileile: mtengenezaji mmoja huhesabu dawa pamoja na chumvi yake (kemikali iliyounganishwa nayo), mwingine huhesabu dawa peke yake. Tulimfungulia karatasi za pakiti zote mbili akajisomea.

Tukikuuliza unatumia dawa gani nyingine, tuvumilie. Metoklopramidi, ambayo wengi huiomba kwa ajili ya kichefuchefu, huziba vipokezi vilevile ambavyo dawa ya Parkinson inajitahidi kuviamsha, na hatuitoi kwa mgonjwa huyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata foleni ikiwa ndefu.

Anayelemewa na bei amwombe daktari amwandikie vidonge vya kawaida vya mara tatu kwa siku, ambavyo kwa kawaida ni nafuu, na baadhi yake vina mstari wa kukatia.