Mhariri, padre wa kwenye tivii mimi simjui

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Bagamoyo, upande wa Nianjema, na ni katibu wa jumuiya yetu ya Wakatoliki, sijawahi kuandika gazetini ila hili la namna tivii na muvi zinavyowaigiza mapadre na watumishi wa Mungu limenikaa kooni tangu mama yangu alipoumwa.

Usiku mmoja mama alizidiwa tukampigia paroko simu, akaja na pikipiki mvua inanyesha, sasa ile anaingia tu mwanangu wa miaka tisa akakimbilia uani. Nikamfuata, vipi wewe, akaniambia mama, bibi akianza kupandisha mimi sitaki kuona. Yaani mtoto kabatizwa, kila jumapili yuko kanisani, lakini padre akiingia nyumba yenye mgonjwa yeye anachosubiri ni bibi yake aanguke chini aanze kuongea sauti ya kiume, maana ndio anachokiona kwenye tamthilia kila jioni. Na kumbe kilichofanyika ni kimeza kidogo, kitambaa cheupe, mshumaa, padre kakaa kwenye kigoda karibu na kitanda akamuuliza mama habari za minazi yake, wakaongea taratibu, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, akampa komunio. Akanywa chai ya rangi akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mama alilala vizuri siku ile, wiki haikuisha akafariki.

Hiyo sini sijawahi kuiona kwenye tivii hata siku moja. Tangu tivii zianze huku bara mwaka 1994 mimi naangalia, na nikiwahesabu watumishi wa Mungu niliowaona kwenye maigizo ni hao hao, nabii mwenye gari kubwa anayekula hela za wajane, au mchungaji anayetembea na mwanakwaya, au padre wa kufungisha ndoa ambaye anasema maneno mawili halafu anauliza kama kuna mwenye pingamizi na mlango unafunguliwa mtu anaingia anapiga kelele. Jamani kwetu ndoa inatangazwa kanisani jumapili tatu kabla, mwenye pingamizi anakwenda kwa paroko mapema, hayasubiriwi madhabahuni.

La kitubio ndio linaniuma zaidi. Mtu anaungama kwamba ameua, sini inayofuata padre yuko kituo cha polisi anaeleza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa maneno wala kwa ishara wala kwa sababu yoyote ile, na kanuni nyingine inasema padre akiivunja makusudi anajitenga na Kanisa palepale. Kuna dada kwenye jumuiya yetu ana miaka haendi kuungama, nilipokaa nae akaniambia anaogopa yatasikika nje. Nikamuuliza nani kakwambia, akanitajia muvi.

Halafu wanachanganya madhehebu yote kwenye chungu kimoja, padre ana mke, mara ana rozari mkononi na anahubiri kama mlokole. Sisemi padre kuwa na mke haipo, Waanglikana wa kule Magila, Muheza, wanawaita mapadre na wanaoa, ni halali yao, ila basi mtunzi ajue anamzungumzia nani.

Na huu mji wetu wengi ni Waislamu, tunazikana tunapikiana, lakini ndani ya kanisa hawaingii, kwahiyo wanachokijua ni cha kwenye tivii. Jirani yangu aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa, mwenzangu hivi hayo mafuta mnanunua shilingi ngapi? Nikamwambia hayauzwi. Akanyamaza kidogo akasema basi na sisi ndio hivyo hivyo, kila mganga kwenye muvi lazima avae kanzu na kofia aitwe shehe, mume wangu anavaa kanzu kila ijumaa na hajawahi kupiga ramli. Tukakaa pale barazani tumeinamisha vichwa wote wawili.

Mhariri sisemi matapeli hawapo, wapo, na waonyeshwe, hata mimi najua watu walioachwa bila kitu. Ila je katekista, yule mwalimu wa dini, anaetembea kwa miguu vigango vitatu, yaani vikanisa vidogo vya parokia, na posho yake haifiki popote, huyo hana stori? Wamama wanaoosha maiti ya mtu asiye na ndugu?

Tena chuo cha sanaa kiko hapa hapa Bagamoyo tangu 1981, ukichukua boda dakika chache uko misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, wakawakomboa watoto utumwani wakajenga nao kijiji cha uhuru, na haikuwa rahisi, maisha pale yalikuwa ya kengele na kazi shambani na wapo waliotoroka, sasa hapo si kuna mgogoro wa kutosha kwa mwandishi wa skripti? Nenda makaburini kwao uone umri, vijana kabisa, malaria iliwamaliza na wenzao wakaendelea kuja. Februari 1874 kina Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone yule Mzungu mpelelezi, waliufikisha mwili wake pale misheni baada ya miezi ya kuubeba, ukalazwa kanisani, kila mwanafunzi anajua jina la Livingstone ila sura ya Susi hakuna aliyetuigizia tukaijua. 2018 tuliadhimisha hapa miaka 150 tangu hao wamisionari wafike, nchi nzima ilikuja.

Kwahiyo ombi langu kwa hao madairekta, kabla hawajaandika padre mwingine waje. Jumuiya yetu tunasali jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu, jumamosi ijayo ni kwangu. Wakae tu kwenye mkeka wasikilize, chai ipo, na jirani yangu kasema mihogo ataleta yeye.

Mama wa jumuiya, Bagamoyo