Mtoto anayemwaga uji si mzembe

Mhariri,

Nimeshona nyavu hapa Igombe kwa miaka 41. Macho yamepungua, lakini vidole bado vinaona. Nadhani ndiyo sababu nilichelewa kumwelewa mjukuu wangu wa darasa la nne. Mtu ambaye mikono yake inamtii tangu utotoni hajui ilivyo mikono ikikataa.

Mtoto huyu akibeba kikombe cha uji, nusu inabaki njiani. Akifunga vifungo vya shati, akifika mwisho kimoja kimekosa tundu. Hujikwaa hata pasipo na jiwe, na Mwanza hii unajua mawe yalivyo. Lakini muulize hesabu ya ndoo za dagaa, atakujibu kabla hujafunga mdomo.

Shuleni imla ilimtesa. Wenzake wakiandika sentensi nane, yeye ana tatu, na hizo tatu zimepanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Akachapwa, eti ni mvivu. Simlaumu mwalimu peke yake, maana nami nilimchapa siku alipodondosha redio yangu ziwani. Jirani mmoja alishauri twende kwa mganga na kuku mweusi. Kuku yule alikuwa anataga vizuri, nikakataa.

Bibi yake ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto alizaliwa njiti, wa miezi saba, akampeleka hospitali mjini. Huko walielekezwa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Mimi nilisubiri dawa. Kumbe mtaalamu huyo kazi yake ni kumsaidia mtu avae, ale, aandike. Alimrushia mtoto mpira, akamtembeza juu ya mstari, akamtungisha shanga, akatuuliza maswali mengi ya nyumbani. Mwisho akasema hali hiyo inaitwa dispraksia.

Kwa nilivyoelewa, misuli yake ni mizima na akili yake haina shida. Shida ipo pale ubongo unapopanga mwendo: kipi kitangulie, kipi kifuate, nguvu kiasi gani. Sisi wengine mpango huo unajipanga wenyewe. Yeye anaupanga upya kila siku, ndiyo maana anarudi shule amechoka kama aliyevuta kokoro, ule wavu mkubwa wa kuburuta. Haiambukizi, haina kidonge, na mtoto haiachi kama nguo iliyombana. Ila akifundishwa kwa njia yake, anaweza mengi. Njiti wanaipata zaidi kuliko wengine, na wavulana hugundulika zaidi kuliko wasichana. Kwa jumla ni watoto kama watano au sita katika kila mia. Darasa la mjukuu wangu lina watoto 96. Mwalimu apige hesabu mwenyewe ana wangapi.

Tuliambiwa tusimfundishe jambo zima kwa mkupuo. Tuligawe, na kila kipande akitaje kwa mdomo wake. Basi nikaketi naye chini ya mwembe na wavu wa sangara, wa inchi 6, nimfundishe fundo. Mimi fundo hilo sijawahi kulisema, nalifunga tu. Ilibidi nianze kujitazama mikono kama mwanafunzi. Sindano inapanda kwenye jicho la wavu, uzi unashuka, dole gumba linabana, kitanzi kinatupwa kushoto, sindano inazunguka nyuma ya jicho na kutokea ndani ya kitanzi, vuta. Yeye akayabatiza kwa maneno yake: "Panda, bana, tupa, zunguka, toka." Akikwama ananiuliza, "Guku," yaani babu, "nimeshatupa?" Siku ya kwanza hakuna fundo lililoshika. Wiki ya tatu alifunga manne mfululizo, moja likiwa limelegea. Nililiacha hivyo hivyo.

Penseli yake tumeivika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, inenepe, isimponyoke. Viatu ni vya kunata, habari ya kamba itasubiri.

Ombi langu ni kwa walimu na wanaowapangia kazi. Kwenye mitihani ya taifa mwanafunzi mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa, na hakuna anayesema amependelewa. Basi na huyu aongezewe dakika, au aulizwe kwa mdomo pale kinachopimwa ni akili na wala si mwandiko. Asinakilishwe ubao mzima. Apewe daftari la mwenzake. Na wanaosomea ualimu waonyeshwe watoto hawa kabla hawajakabidhiwa fimbo. Najua mwalimu mwenye watoto 96 hana mikono 96, lakini kuacha kuchapa hakuhitaji bajeti.

Jumatatu nakwenda shuleni kwao na ile penseli yenye mpira. Nimetengeneza nyingine nne, kwa hesabu ile ya darasa lao.

Babu Fundi Nyavu,
Igombe, Mwanza