Kumwaga gongo ya mwanzo hakuondoi sumu, naomba mrekebishe

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya juzi kuhusu gongo nimeisoma yote na nimeipenda, shida ni pale mlipomnukuu mpishi mmoja anasema akishamwaga ile chupa ya kwanza inayotoka kwenye bomba basi sumu yote imeenda, eti kwasababu methanoli, ile alkoholi yenye sumu, inachemka nyuzi 64.7 na ethanoli, ile alkoholi ya kawaida ya pombe, 78.4 kwahiyo methanoli lazima itangulie. Mkaiacha hivyo hivyo bila kumuuliza mtu wa maabara. Naomba mrekebishe haraka, maana kuna mtu kaisoma ile na leo jioni atakunywa akijua yuko salama.

Mimi nafundisha kemia sekondari. Namba alizotaja ni za kweli kabisa ila ni za kila kimiminika kikiwa peke yake. Kwenye pipa la mpishi kuna maji mengi, ethanoli labda asilimia 10, na methanoli kama ipo ni kidogo, na vikishachanganyika vinakuwa na tabia yao nyingine. Weka themometa kwenye pipa kama hilo uone: 64 inapita hakuna kitu, 78 inapita hakuna kitu, linakuja kuchemka kwenye 90 na ushee, na hapo vyote vinapanda pamoja kwenye mvuke, kila kimoja kwa kiasi chake. Hakuna foleni ya kusema wewe toka kwanza mimi nafuata.

Darasani huwa naanza na jaribio dogo. Mililita 50 za maji, mililita 50 za ethanoli safi, unachanganya, wanafunzi wote wanasubiri 100 halafu silinda inasoma 96 na kidogo, na ukishika glasi unasikia imepata joto. Hakuna kilichomwagika, ni molekuli zimeshikana na kubanana. Sasa methanoli inashikana na maji kuliko hata ethanoli, kwasababu mkia wa molekuli yake, ile sehemu inayokataana na maji, ni mfupi, ndio maana kwenye pipa lenye maji mengi ethanoli ndio inasukumwa kutoka kirahisi zaidi, methanoli inaendelea kuvuja nayo toka chupa ya kwanza mpaka ya mwisho. Yaani ni kinyume kabisa na alichosema yule mpishi.

Na vile vipimo vingine vya mtaani navyo havisaidii. Ile ya kuwasha kwenye kijiko uangalie kama moto ni wa bluu, ethanoli inawaka bluu na methanoli inawaka bluu hafifu, zikiwa pamoja jicho halitofautishi. Haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kupimia ukali wa pombe, nayo hapana, uzito wa mililita moja ya ethanoli ni gramu 0.789 na methanoli 0.791, kwahiyo itakusomea "kali" tu bila kukwambia kali ya nini. Kuonja ndio kabisa usijaribu.

Kingine ambacho makala haikugusa, gongo ya mahindi au sukari yenyewe inatengeneza methanoli kidogo sana, ya matunda inazidi kidogo. Yale maafa makubwa, kama yale ya Kenya Mei 2014 ambapo makumi ya watu walikufa na wengine kupofuka, yanatokana na methanoli ya viwandani ambayo mtu kaimimina kwenye pombe ili iwe kali kwa bei rahisi. Hiyo inaingia baada ya kupika, sasa kumwaga chupa ya kwanza kutasaidia nini??

Mkirekebisha naomba muweke na dalili. Methanoli haiui palepale, mwanzoni mtu analewa kama kawaida, ini ndio linaigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki ambayo ndiyo inayodhuru, kwahiyo ndugu zake wanadhani ni hangova tu. Baada ya saa 12 mpaka 24 hivi anaanza kulalamika macho yanaona ukungu, kichwa, tumbo, anatapika, anahema kwa nguvu. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi alichokunywa bila kuficha kwa kuogopa polisi, dawa ya kuizuia ipo na damu inaweza kusafishwa, ila kila saa inayopita macho yanazidi kuharibika.

Tafadhali masahihisho yawekwe ukurasa uleule wa makala, msiyaweke kule nyuma kwenye matangazo madogo.

Mwalimu wa kemia, Morogoro